Chupa Isiyotaka Nyongeza

Zaituna mwanangu, mama yangu mdogo,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naiona. Umekaa kwenye kibao hatua kumi kutoka hapa, kichwa kiko katikati ya magoti ya mama yako, anakusuka, na kila akivuta nywele unakunja uso kama mtu aliyeng'ata ukwaju. Basi hujambo. Mimi pia sijambo. Nimekalia ndoo niliyoipindua, nimeweka ubao mapajani, naandika. Umeniuliza mara mbili naandika nini. Mara ya kwanza nikakwambia namwandikia rais wa Msumbiji aje atutengenezee barabara ya Pundanhar. Mara ya pili nikakwambia rais bado hajajibu.

Mwandiko utanisamehe. Nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilitoka kabla halijaisha, kwa hiyo herufi zangu zinatembea upande kama kaa. Zifuate tu, zitafika.

Mambo ya sabuni, ya kufunga mlango, ya nani umsalimie na nani umpite kama humwoni, mama yako ameshayasema yote tangu juzi, na mengine ameyasema mpaka yamechakaa. Mimi hapo sina la kuongeza. Neno hilo, kuongeza, liweke pembeni. Tutalirudia.

Kesho unakwenda kusomea unesi. Na wamekwambia mwaka wa pili mtapelekwa kufanya kazi kwa vitendo kwenye ile hospitali kubwa, wodi ileile ya watoto wachanga alikolazwa mdogo wako Issa. Ulipotuambia hivyo mama yako alipiga vigelegele mpaka kuku wakaruka. Mimi nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya napanga machupa. Ulinifuata ukasema, "Baba, mbona hufurahi?" Nikasema nafurahi kwa ndani. Nilikuwa nafurahi kweli, lakini nilikuwa naogopa pia. Wodi ile ina nesi, anaitwa Dona Graça, na Dona Graça anaijua hadithi ya baba yako na chupa. Anaijua nzima. Wewe unaijua nusu. Nusu hiyo umeisimulia shuleni, umewasimulia majirani, na umeiandika kwenye ile karatasi ya kuombea chuo, ukaandika kwamba unataka kuwa nesi kwa sababu baba yako aliokoa pumzi ya mdogo wako kwa chupa aliyoitafuta mwenyewe. Ulinisomea kwa Kireno halafu ukanitafsiria, nami nikatikisa kichwa kama mtu mkubwa.

Sasa nusu ya pili nakupa mimi, kabla hujavaa nguo nyeupe ukaipewa na mtu mwingine.

Tuanze na unayoyajua, ili nipate ujasiri.

Mwaka ule meli za gesi zilikuwa zimesimama kule nje ya bahari na taa zao, helikopta zinapita juu mpaka kuku wamezizoea, na kila mtu hapa Palma ana mpango. Mwingine anajenga chumba cha kupangisha, mwingine anajifunza kusema good morning. Mimi mpango wangu ulikuwa chupa. Wale watu wa kambi ya gesi walikuwa hawanywi maji yetu, wanakunywa ya chupa, wakimaliza wanatupa. Nikafanya urafiki na mlinzi wa geti, nikawa nakusanya. Watu wa asali kutoka Pundanhar wanazitaka, wauza mafuta ya taa wanazitaka, hata mpakani Namoto nilizivusha ng'ambo, Tanzania, narudi na mabeseni. Bibi yako alisema, "Wenzako wanangoja gesi, wewe unaokota takataka." Nikamwambia, "Mama mkwe, gesi ikija itahitaji kuwekwa mahali."

Ndipo mama yako akajifungua kabla ya siku zake, miezi miwili kabla. Issa akatoka njiti, mkono wake mzima unazungukwa na pete yangu. Ulimwona. Lakini hukukiona kifua chake vizuri kwa sababu nilikutoa nje. Kila akivuta pumzi kifua kilikuwa kinabonyea ndani, kama vile kuna mtu anamvuta kwa uzi kutoka mgongoni, na kila akiitoa anaguna, ng'. Ng'. Ng'. Kama mzee anayepanda ngazi. Hapa zahanati wakasema hana nguvu ya kupumua, apelekwe mbali, na mama yake naye presha imepanda, waende wote. Wewe ukasema, "Baba, nije, nitakusaidia Kireno." Nikasema baki na nyumba, Kireno nakijua.

Hilo ndilo kosa la kwanza, liandike. Kireno changu, mwanangu, ni maneno kama ishirini. Kumi na tano ni ya kuuzia vitu, manne ni matusi, na moja ni sim. Hilo sim, yaani ndiyo, ndilo nililolitumia maisha yangu yote kwenye kila ofisi. Mtu mwenye tai akisema maneno marefu, mimi nasema sim, senhor, narudi nyumbani, halafu tunaona kilichotokea. Niliona aibu wewe, mtoto niliyekuzaa, usimame kati yangu na daktari ukinitafsiria kama mzee kiziwi. Kwa ajili ya aibu hiyo nikaenda peke yangu.

Sasa kipande unachokipenda. Siku ya pili hospitalini, mama yako amelala wodi nyingine hawezi kuinuka, mimi nimesimama mlangoni kwa watoto. Dona Graça anatoka. Mwanamke mpana, mtu wa kusini kabisa mwa nchi, hajui lugha ya huku hata moja. Ananitazama kwa huruma, anasema, "Ele não chupa." Wewe unajua, kwa Kireno ni kwamba mtoto hanyonyi. Lakini mimi sikuwa nawe. Wao hulitamka shupa. Nikasikia: nao shupa. Nikasema moyoni, maskini mama wa watu, ulimi wake mzito lakini anajitahidi kunisemesha Kiswahili. Nao, wale watoto, chupa. Hawana chupa. Nikamwambia, "Sim, senhora." Akarudia, anaonyesha mdomo wake, "Não chupa, ainda não chupa." Nikasema sim, sim, nimeelewa kabisa, na nikatoka mbio.

Mtu husikia anachokiuza. Angekuwa mvuvi angesikia samaki.

Nilizunguka mji nisioujua, nikaingia nyuma ya hoteli, nikaongea na wapishi, na baada ya saa mbili nikarudi na gunia la machupa mgongoni, yote nimeyasuuza bombani. Nikalimwaga mbele ya Dona Graça. Chupa zikabiringika mpaka chini ya benchi la akina mama. Akanitazama, akazitazama, akamwita mfagizi, bibi mmoja mtu wa Mocímboa, Bi Fatu, anasema Kimwani, mimi Kiswahili, tukaelewana kwa nusu maneno na nusu utani.

"Nesi anauliza hizi za nini."

"Si ameniomba chupa?"

Bi Fatu akaweka fagio chini. Akakaa. Akacheka mpaka akashika ubavu, na alipomtafsiria nesi, Dona Graça naye akakaa. "Amesema mtoto wako hanyonyi," Bi Fatu akaniambia. "Hanyonyi, wewe mtu wa Palma. Umemletea chupa arobaini mtoto mwenye mdomo kama punje ya mtama."

Hapo ndipo hadithi ninayowasimulia watu inaruka. Nasema: lakini mle ndani mlikuwa na kazi ya chupa kweli, wakaichukua yangu, mtoto akapumua. Watu wanapiga makofi, mama yako anatikisa kichwa, na Issa mpaka leo mtaani anaitwa Chupa.

Zaituna, kazi ya chupa ilikuwepo kweli. Lakini chupa ilikuwa yao. Ilikuwa pale tangu kabla sijafika, imekaa kwenye kishikizo chake kando ya kitanda cha Issa, safi, ina mistari ya vipimo. Yangu moja Dona Graça aliichukua kwa kunionea huruma, akatia ndani sabuni ya maji ya kunawia mikono, akaiweka karibu na mlango. Alisema hiyo nayo inaokoa watoto. Sijui kama alikuwa ananifariji. Utaniambia wewe ukishasoma.

Hiyo ni aibu ndogo, cheka nayo. Kubwa inakuja.

Chupa ile nitakueleza kama nilivyoelezwa, utanisahihisha baadaye. Mtoto anawekewa mirija midogo puani. Hewa inaingia upande mmoja, na upande wa pili mrija unaenda kuzama kwenye chupa yenye maji. Maji yanachemka mapovu, blo blo blo, mchana kutwa. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo, alikuwa anafanya utafiti, anataka kujua kama chupa hiyo inaweza kutumika hata kwenye hospitali ndogo ambazo hazina mashine kubwa. Alikuja na karatasi akitaka nikubali Issa aingizwe kwenye utafiti huo. Bi Fatu katikati, anatafsiri.

Mimi nikaanza biashara. "Mwambie, nikikubali, mimi napata nini?"

"Anasema hupati kitu."

"Na nikikataa?"

"Anasema mtoto atatibiwa vilevile. Ila hawatamwandika kwenye daftari lao."

"Basi hii ni biashara gani? Mtu anauza bure, na usiponunua anakupa bure?"

Bibi yako wakati huo amenipigia simu kutoka hapa, amesikia huko kuna watu wa chupa, na wewe unajua kwetu huku mtu akisema chupa kwa Kireno watu wanafikiria wale wanyonya damu. Nikamwambia mama mkwe, damu yote ya huyu mtoto haijai kijiko, mwizi wake atapata hasara. Nikatia sahihi. Daktari akaeleza mambo marefu kuhusu chupa na maji na kipimo. Bi Fatu alikuwa ameitwa kufagia maji yaliyomwagika, hayupo. Nikasema sim. Akauliza kama nimeelewa. Sim, senhora doutora. Akaandika.

Sikuwa nimeelewa hata neno moja.

Siku ya nne, baada ya adhuhuri. Issa anapumua vizuri zaidi, kile kifua kimepunguza kubonyea, ile taa ya kupima hewa waliyomfunga mguuni inasoma namba nzuri. Nimekaa karibu naye, nimenawa mikono kwa sabuni ya kutoka kwenye chupa yangu, na kwa hilo nilikuwa najisikia mwenye duka. Kitanda cha pili kulikuwa na mtoto wa kike, njiti mwenzake, mama yake mtu wa bara, Mmakonde, mwanamke mpole. Nikaangalia chupa yao. Nikaangalia yetu. Yao maji yamepanda juu, yanachemka kwa nguvu, mapovu mazito. Yetu maji yako chini, mapovu yake ya taratibu.

Mwanangu, unajua mimi nikipima mafuta ya kuuza huwa nafanya nini. Nikishajaza kibaba, natia kidogo juu, nasema hii nyongeza yako mama, nenda salama. Sijawahi kumwacha mteja aende bila nyongeza. Na nikinunua mimi, jicho langu linakaa kwenye kipimo kama paka kwenye samaki. Nikasema, hapa mtoto wangu amepunjwa. Wamemwona baba yake ni mtu wa kuokota chupa, hajui Kireno, wakampa nusu. Sikukasirika hata. Nilisema moyoni, basi si neno, nitarekebisha mwenyewe kimya kimya, bila kumwaibisha mtu.

Nesi alikuwa upande wa pili anabadilisha nepi. Nilikuwa na chupa yangu ya kunywa. Nikafungua kifuniko cha ile ya Issa, nikamimina. Nikajaza mpaka ikalingana na ya jirani. Halafu, mkono wangu ulivyozoea, nikatia kidogo juu.

Mapovu yakabadilika sauti. Yakawa mazito. Nikafurahi, Zaituna. Nilisimama pale nikatabasamu, nikamwambia Issa, "Haya, kula hewa."

Haikuchukua muda. Tumbo lake likaanza kujaa. Akanyoosha mikono kama mtu aliyeshtuka usingizini. Rangi ya midomo ikaondoka, namba zikaanza kushuka, mashine ikalia. Dona Graça mpana vile alivyo, aliruka kitanda kizima. Akatoa mirija, akamshikia kibarakoa, anabonyeza kile kimfuko cha hewa kwa vidole viwili, taratibu, anahesabu kwa sauti. Daktari akaja anakimbia. Mimi nilirudi ukutani. Sikuhesabu wakati, lakini nimekumbuka kila kitu kilichokuwa kwenye ukuta ule, mpaka msumari.

Issa akarudi. Aliguna, akalia kilio kama cha paka mdogo, namba zikapanda. Wakamrudishia mirija, na daktari akainama kuangalia chupa. Akauliza kitu. Hapo sikuhitaji mkalimani, nilielewa Kireno chote siku hiyo. Nani ameshika maji?

Nikaangalia chini. Bi Fatu ndiye aliyekuwa amefuta ile meza mara ya mwisho, na daktari akamwambia asiingie tena wodini mpaka ijulikane ilikuwaje. Bi Fatu akavua aproni, akaikunja. Alipokuwa anapita mbele yangu macho yake yakashuka kwenye mkono wa shati langu. Ulikuwa umelowa mpaka kiwikoni. Akapita.

Mimi, baba yako, mwenye maneno ya kuuza hata kivuli, nilikaa na neno moja mdomoni tangu adhuhuri mpaka karibu na magharibi, na sikulitoa. Nilijiambia: wakijua watamfukuza Issa. Nilijiambia: yule bibi ni mfagizi tu, watamsamehe. Ona maneno hayo. Mfagizi tu. Nimeyasema mimi, niliyekuwa naitwa muokota takataka na mama mkwe wangu.

Nilimkuta nje, kwenye ngazi, anamenya chungwa. Nikakaa karibu. Akanipa nusu.

"Shati limekauka?" akaniuliza.

Nikakunja mikono ya shati.

"Sikiliza, wewe mtu wa machupa. Mimi nimefagia miaka mingi, pa kufagia hapakosekani duniani. Mimi si shida. Shida ni yule binti daktari. Anaandika sasa hivi kwamba chupa imemshinda mtoto wako. Akiandika hivyo, kesho watasema chupa haifai. Na kule kwenu mtoto mwingine akizaliwa hivi, hatakuwa na chupa." Akatema mbegu. "Kwa ajili ya nyongeza yako."

Alijua mpaka neno. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Si ndivyo mnavyopima mafuta huko Palma?"

Tukaingia pamoja. Nilimwambia daktari kwa Kiswahili, Bi Fatu akatafsiri, na kuna mahali alikwama. Kireno chake chote hakikuwa na neno la kupunjwa. Akajaribu hivi, akajaribu vile, mwisho akachukua vikombe viwili vya chai, akajaza kimoja, kingine akakiacha nusu, akawaonyesha mimi nilivyovitazama vyote viwili kwa wivu. Aliigiza vizuri mno, mpaka Dona Graça akageuza uso ukutani mabega yanatikisika.

Daktari hakucheka. Hakugomba pia, na ningependa angegomba. Akanishika mkono akanipeleka katikati ya vitanda viwili. Akasema yule wa kike maji yake yamepanda kwa sababu mapafu yake yana hali mbaya zaidi, anahitaji kusukumwa kwa nguvu zaidi. Wako anaendelea kupona, ndiyo maana tumempunguzia. Maji yakiwa mengi, huo si upendeleo. Ni ugonjwa.

Nilikuwa nimemwonea wivu mtoto aliyezidiwa. Yule mtoto wa kike hakuimaliza wiki. Asubuhi moja mapovu yake yakawa kimya, na mama yake akakunja kile kitenge cha kumfunikia, akakikunja tena kikawa kidogo kabisa, akaja kumtazama Issa kabla ya kuondoka. Akasema, "Huyu wako ana sauti." Kila mara Issa anapopiga kelele hapa nyumbani, wewe unasema baba mkemee, mimi simkemei. Sasa unajua.

Halafu daktari akafanya jambo ambalo ndilo nataka ulibebe. Alinieleza upya yote, Bi Fatu yuko pale, akamaliza, akauliza, umeelewa? Nikasema sim. Akatikisa kidole. "Sim si jibu. Nieleze wewe, kama unamweleza mkeo."

Nikajikuna. Nikafikiria ninachokijua duniani. Nikasema: ile mifuko mipya ya plastiki ya dukani, imeshikana pande zote mbili, hata ukipuliza haifunguki. Mpaka uisugue, uipulizie kidogo, ifunguke mdomo, na ukiiachia inashikana tena. Mapafu ya njiti ndivyo yalivyo. Chupa inaizuia mifuko isishikane. Maji yakiwa kidogo, inashikana. Yakizidi, inapasuka. Kipimo kinatoka kwa mtoto, hakitoki kwa baba.

Bi Fatu alipomaliza kutafsiri daktari akachukua kalamu, akaandika maneno yangu ya mifuko. Zaituna, niliona kwa macho yangu. Kesho yake kila chupa ilikuwa na utepe mwekundu kwenye usawa wa maji na picha ya mkono uliokatwa mstari, usiguse. Na kila mzazi aliyeingia aliambiwa: usiseme sim, eleza. Wakawa wananiita mimi niwaonyeshe na kimfuko cha plastiki. Nikawafundisha akina baba kumi hivi kabla hatujatoka, na kwenye lile daftari la utafiti kuna ukurasa unaosema baba mmoja aliongeza maji. Jina hawakuandika. Baba yako ameingia kwenye sayansi kwa mlango wa jikoni, lakini ameingia. Bi Fatu alirudishiwa aproni yake siku ileile, na daktari akamwomba radhi mbele ya watu wote.

Na Dona Graça tangu siku hiyo hakuniita tena Amadi. Ananiita Senhor Nyongeza. Neno hilo la Kiswahili amelijua yeye, mtu wa kusini, kwa sababu yangu. Ukifika pale ukasema unatoka Palma, atakuuliza wewe ni nani, na ukimwambia, atakushika mabega atasema huyu ni mtoto wa Senhor Nyongeza, na wodi nzima itasimuliwa. Sasa utacheka pamoja nao. Hutasimama pale ukitafuta baba yako mwingine, yule wa kwenye karatasi.

Sikwambii ufanye kazi vipi, sijui kazi yenyewe. Nakwambia ninachojua kuhusu watu kama mimi. Watakuja kwako, wametoka mbali, wana mchanga miguuni na mtoto anayeguna. Utawaeleza nao watasema sim, sim, enfermeira. Wanakudanganya, mwanangu. Hawana ubaya, wana aibu. Ukisikia sim mbili mfululizo, kaa chini. Na ukimwona baba amesimama ukutani anaangalia msumari, angalia mkono wa shati lake kabla hujamwangalia mfagizi.

Wale wa gesi wametumia meli ngapi, wamechimba chini ya bahari kutafuta hewa. Mimi nimeona hewa ya kutosha mtu mzima wa kesho, inatoka kwenye chupa, blo blo blo. Wakipata yao, heri. Yetu tumeshaipata. Iko pale mlangoni, ina mwaka na nusu, imepuliza uji wake kwenye kikombe mpaka umemwagika, na sasa inamkimbiza bata wa jirani.

Mama yako amebakiza mistari miwili ya kichwa chako. Nilikuwa nimepanga barua hii niifiche ndani ya begi, chini ya zile nguo, uikute ukishafika. Nimeshaikunja hata. Halafu nikafikiria: huko ni kumimina maji nesi akiwa amegeuka. Nimeikunjua. Ukimaliza kusukwa nakuletea mkononi, nitarudi nikae kwenye ndoo yangu, usome mbele yangu. Usiponisemesha nitajua. Ukinisemesha nitajua pia. Nimevaa shati la mikono mifupi, sina pa kuficha.

Na chupa yako ya maji ya safari iko juu ya begi. Ni ya kwangu, ya kambini, nimeisugua kwa majivu na kuichemshia maji. Nimeijaza mpaka shingoni, halafu nikatia kidogo juu. Hiyo usimwulize daktari. Hiyo ni ya kunywa.

Baba yako,
Senhor Nyongeza